Tulipiga picha mahali panapouma

Mjomba wangu alibeba magunia soko la Kongowea, Mombasa, kwa miaka 26. Viazi, vitunguu, kabeji, kila kilichoshuka usiku kwa malori kutoka bara kilipita juu ya mgongo wake kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu wa kazi hiyo akikwambia mgongo unamuuma, humuulizi mara mbili. Yeye mwenyewe hakujiuliza. Na mimi mpwa wake, mpiga eksirei kwa miaka 14 sasa, mwanamke ninayeshinda nikitazama mifupa ya watu asubuhi hadi magharibi, sikumuuliza pia.

Alikuja kituoni kwetu hapa kisiwani na fomu mkononi. Picha ya kiuno, maumivu ya mgongo miezi 2.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Leo nimeletwa kwako."

Nikamlaza chali nikapiga ya kwanza, nikamgeuza ubavu, magoti yamekunjwa, nikapiga ya pili. Toa pumzi, ibane, haya pumua. Picha zilitoka safi. Pingili 5 za kiuno zimejipanga, vinundu vya mfupa vimeota pembeni, nafasi kati ya pingili ya 4 na ya 5 imepungua. Daktari wa picha akaandika kwamba mgongo umechakaa kwa umri na kazi, na aliyoyaandika yalikuwa kweli. Alipokuwa akishuka mezani mjomba alishika ukingo kwa mikono miwili, akaniambia, "Miguu hii siku hizi ni kama natembea majini, maji ya magotini." Nikamwambia pole mjomba, utapata dawa. Nikaita mgonjwa mwingine.

Sentensi ile ndiyo iliyokuwa na ugonjwa ndani yake, nami niliiachia ipite.

Lazima nieleze jambo kwanza, kwa sababu lugha yetu wenyewe hutukoroga hapa. Tunasema "uti wa mgongo" tukikusudia mfupa. Tunasema "uti wa mgongo" tukikusudia ile kamba laini ya fahamu iliyo ndani ya mfupa. Kisha redioni tunasikia "homa ya uti wa mgongo", na huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa utando unaofunika ubongo na kamba hiyo. Mgonjwa akiniambia "mimi nina uti wa mgongo" sina budi kumuuliza upi. Katika kazi yangu nimezoea maneno mawili: mfupa ni pingili, na kamba ni ugwe, kama ugwe wa mvuvi.

Pingili tunazaliwa nazo 33. Shingoni 7, kifuani 12 ambazo ndizo zinazoshika mbavu, kiunoni 5, halafu 5 zinazokuja kuungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na kama 4 ndogo za kifandugu. Ndani yake umepita ugwe, unene wake kiasi cha kidole cha mwisho, urefu wake kwa mtu mzima sentimita 42 hadi 45 hivi. Mfupa wote ni mrefu zaidi, kwa mwanamume hufika sentimita 70. Mtoto akiwa tumboni, miezi ya mwanzo, ugwe na mfupa hulingana. Baadaye mfupa hukua mbio na kuuacha ugwe nyuma. Mtoto akizaliwa, ncha ya ugwe iko kwenye pingili ya 3 ya kiuno au karibu na hapo. Akiwa mtu mzima iko kati ya pingili ya 1 na ya 2. Kutoka hapo kwenda chini hakuna ugwe tena. Kuna mizizi ya neva tu iliyoning'inia, na waganga wa zamani waliifananisha na mkia wa farasi.

Kwa hiyo picha ya kiuno, hata iwe safi namna gani, karibu ugwe wote haumo. Hili nililijua tangu chuoni. Nililijibu kwenye mtihani. Siku ile mezani halikunijia.

Mjomba akapewa vidonge vya maumivu. Havikusaidia, akaenda kwa mkandaji Kisauni akachuliwa kwa mafuta, akapata nafuu ya siku tatu. Maumivu yakawa yanamzunguka mbavuni kama mtu aliyefungwa kikoi kikakazwa. Usiku yakimzidi. Ukoo ukachanga, mchango ukapita kwenye simu jioni nne mfululizo, tukapata pesa ya MRI, ile picha inayopigwa kwa sumaku. Fomu ikaandikwa na daktari mwingine, mahali pengine, na ikaandikwa vilevile: kiuno.

Majibu yakaja kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, kati ya ya 4 na ya 5 imebonyea na kugusa neva. Sote tukashusha pumzi. Tumempata mwizi! Yakaanza maneno ya upasuaji wa diski.

Hapa nataka wasomaji wangu wasikilize vizuri, maana kila wiki nakutana na watu waliotishwa na neno "kubonyea". Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyobonyea. Wenye miaka 50, asilimia 60. Wenye miaka 80, asilimia 84. Hawa ni watu wazima wa afya, wanaenda sokoni, wanasujudu na kuinuka. Mjomba alikuwa na miaka 58 na alibeba magunia maisha yake yote. Diski iliyobonyea kwake ilikuwa kama mvi: ipo, inaonekana, na si lazima iwe ndiyo inayomuumiza. Ukitafuta kwenye MRI ya kiuno cha mtu wa umri ule utapata kitu. Swali ni kama ulichokipata kinaeleza anayoyasema mgonjwa. Diski ya kiunoni inabana mizizi, na mzizi ukibanwa mguu hulegea. Miguu ya mjomba haikulegea. Ilikuwa inakakamaa.

Aliyeligundua jambo lenyewe ni mkazamjomba, na yeye hajui hata eksirei inavyowashwa. Wanakaa Likoni. Ilikuwa kaskazi, mchana wa saa saba, wametoka kwenye feri upande wa kisiwani wanapanda ule mwinuko katikati ya umati. Kijana akawakimbilia nyuma akipaza sauti, "Mzee, ndara yako!" Mjomba akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu. Alikuwa ametembea hatua hamsini au zaidi juu ya lami inayochoma kama kikaango, na hakujua. Mkazamjomba alinisimulia jioni ile kwenye simu kama kisa cha uzee, akamalizia, "Mjomba wako sasa anasahau hata viatu."

Nilikaa kitandani simu mkononi. Mtu hasahau lami ya saa saba. Mguu wake haukuwa ukipeleka tena habari juu.

Asubuhi nikamchukua mpaka kwa afisa wa kliniki mmoja ninayemwamini, kijana mdogo kwangu kwa umri. Nikamwekea bahasha ya picha mezani. Hakuifungua. Alimwambia mjomba avue shati, apande kitandani, akaanza na miguu. Aligonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira, mguu ukaruka kama ulioumwa na siafu. Akaushika wayo akausukuma juu kwa ghafla, na wayo ukaanza kudunda wenyewe, moja, mbili, tatu, nne, tano, kama mguu wa fundi juu ya cherehani. Mjomba akautazama kama si wake. "Sifanyi mimi," akasema. Kisha kijana akatoa ufunguo mfukoni, akaupitisha kwenye unyayo kutoka kisiginoni kuja mbele. Kidole gumba kikainuka taratibu kuelekea juu.

Kwa mtoto mchanga kidole kuinuka hivyo ni kawaida. Kwa mtu mzima kunaonyesha njia ya amri kutoka ubongoni imeharibika mahali fulani, kwenye ubongo au kwenye ugwe. Daktari Joseph Babinski alilieleza jambo hili jijini Paris mwaka 1896, miezi michache tu baada ya Wilhelm Röntgen kuugundua mwali wa eksirei kule Ujerumani, Novemba 1895. Nimefanya kazi na mashine ya Röntgen miaka yote hii, lakini siku ile ufunguo wa mlango ulijua zaidi.

Mwisho alichukua kijiti cha meno, akaanza kumchoma polepole kutoka vidoleni kupanda. Hapa? Sijui. Hapa? Kama kitambaa kizito. Mapaja, nyonga, chini ya kitovu. Alipofika usawa wa kitovu mjomba akashtuka, "Hapo nimesikia!" Kijana akachora mstari wa kalamu tumboni, upande hadi upande. Ngozi ya kitovuni inatumikiwa na neva ya 10 ya kifua. Lakini kwa kuwa ugwe ni mfupi kuliko mfupa, pingili inayoubana hutafutwa mbili au tatu juu zaidi. Akamkalisha, akapitisha ngumi nyuma akigonga polepole pingili moja moja. Chini kidogo ya ncha za mafupa ya mabega mjomba akaruka. Kijana akaniita niguse. Kulikuwa na kinundu, kidogo, cha mfupa.

Nilimlaza mtu huyu chali juu ya meza yangu. Mkono wangu ulipita mgongoni mwake nikimsaidia kulala.

Fomu ya safari hii ilisema: MRI ya mgongo wote, upesi.

Niliomba ruhusa ya kukaa chumba cha mashine. Kabla ya kuingia walimuuliza maswali ya kawaida, mashine ya moyo, vyuma vya upasuaji, risasi, vipande vya chuma machoni. Mimi nikajua wangekosa moja, nikamwomba mwenyewe: "Mjomba, na hirizi." Alikuwa nayo mkononi juu ya kiwiko tangu utotoni, alivalishwa na nyanya yangu. Hirizi zetu hushonwa ndani ya ngozi na mara nyingine huwa na kibati ndani, na sumaku ya 1.5 tesla ina nguvu zaidi ya mara 30,000 ya ile ya dunia. Aliifungua bila neno, mkazamjomba akaifunga pembe ya kanga. (Wenzangu wa kazi, muulizeni mtu kwa heshima, na mpeni pa kuiwekea. Akiona mnaidharau ataificha.)

Alikaa ndani karibu saa nzima. Mashine ile haitumii mwali wa eksirei. Sumaku inapanga viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji ya mwili, mawimbi ya redio yanavitikisa, navyo vikirudi mahali pake vinatoa ishara ya redio ambayo kompyuta inaifanya picha. Kishindo unachokisikia ni mitambo ya ndani ikitetemeka. Kwenye kipaza sauti nilimsikia mjomba anasoma Kul-huwallah, chini kwa chini, tena na tena.

Katika aina moja ya picha zile maji huwa meupe. Mgongo mzima ukikatwa kwa upande unaonekana hivi: safu ya pingili kama matofali, diski katikati, na nyuma yake mfereji wa maji meupe ambao ugwe wa kijivu umeelea ndani kutoka chini ya ubongo. Unahesabu pingili kutoka shingoni kushuka. Nilihesabu pamoja na mwenzangu. Shingo safi. Kifua cha 1, cha 2, cha 3. Cha 7 na cha 8 zilikuwa zimeliwa kwa mbele, zimeinamiana kama wazee wawili wanaonong'onezana. Diski ya katikati imebaki uzi. Mbele yake usaha ulikuwa umejaa chini ya ligamenti, ule utepe mrefu unaozifunga pingili pamoja, ukaunyanyua na kupanda na kushuka pingili kadhaa. Nyuma yake usaha uleule umeingia mferejini. Maji meupe yalikatika hapo. Ugwe ulikuwa umebanwa ukawa bapa, na ndani yake kulikuwa na doa jeupe.

Nikahesabu tena kutoka shingoni. Cha 7 na cha 8.

Saratani nayo hula pingili, lakini kwa kawaida huiacha diski. Ugonjwa wa kuambukiza huvuka diski kutoka pingili hadi pingili. TB huila diski polepole kuliko bakteria wengine, na hupenda kutambaa chini ya ligamenti. Brusela, ugonjwa wa bakteria unaopatikana kwa maziwa mabichi, unaweza kufanana nayo. Kwa hiyo picha ilinyoosha kidole tu. Jibu lilitolewa na sindano, iliyoongozwa kwa siti skani, eksirei inayoonyesha mwili vipande vipande, mpaka ndani ya usaha, na kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta vinasaba vya vijidudu vya TB, kikaonyesha TB.

Mjomba hakuwahi kukohoa. Hilo ndilo lililowashinda majirani kuelewa. Kuna waliotenga kikombe chake. TB ya mfupa peke yake, mapafu yakiwa safi, huipati kwa kukaa na mtu barazani. Ni ugonjwa wa kale, umekutwa kwenye migongo ya maiti zilizokaushwa za Misri ya zamani, na daktari wa London, Percivall Pott, alieleza mwaka 1779 jinsi kinundu cha mgongo kinavyokuja pamoja na kupooza miguu. Hakuwa na eksirei wala siti. Alitazama migongo na miguu.

Wiki ile mkazamjomba alitoa bahasha ya kaki iliyokuwa chini ya godoro. Ndani mlikuwa na picha ya kifua, imepigwa mahali pengine miezi miwili kabla ya ile yangu, kwa sababu ya homa za jioni na jasho la usiku. Majibu yalisema mapafu safi. Niliishika dirishani kwa mwanga wa jua. Mapafu yalikuwa safi kweli. Lakini nyuma ya kivuli cha moyo, pande zote mbili za pingili, palikuwa na uvimbe laini, mrefu, uliochongoka juu na chini kama yai lililovutwa. Ule ulikuwa usaha. Simlaumu mtu aliyeisoma. Macho yetu wote hukimbilia mapafu, na mfupa wenyewe lazima upoteze theluthi moja hadi nusu ya madini yake ndipo eksirei ya kawaida ionyeshe kwamba umeliwa. Ila uvimbe ulionekana. Nimeomba nakala, na kila mwanafunzi anayekuja kwetu kwa mazoezi namwekea hii picha kabla ya nyingine yoyote.

Tangu hapo sijapiga picha ya mgongo bila kumuuliza mtu mambo manne au matano anapovua viatu. Ndara hukutoka bila kujua? Miguu imekaza au imelegea? Mkojo unatoka kama zamani? Kuna ganzi pale unapokalia, mahali panapogusa tandiko la baiskeli? Umepungua mwili, una homa, umewahi kutibiwa saratani au TB? Akijibu ndiyo kwa mojawapo nampigia simu aliyeandika fomu, mgonjwa akiwa bado mezani. Wapo madaktari wanaokasirika kidogo. Waniwie radhi. Mkojo uliokwama na ganzi ya makalio ni jambo la kukimbizwa hospitali usiku huohuo, usingoje Jumatatu wala usingoje mchango.

Na upande wa pili, wapo wanaokuja wakitaka MRI kwa maumivu ya siku mbili baada ya kuinua mtungi wa gesi. Hao nawaambia, miguu ikiwa na nguvu na hakuna hata moja kati ya niliyouliza, mgongo mwingi wa namna hiyo hupoa wenyewe ndani ya wiki chache. Tembea, usilale kutwa, weka pesa yako. Kituo chetu kinapata hasara kidogo kwa maneno haya, lakini siwezi kunyamaza.

Mjomba alifanyiwa upasuaji, usaha ukatolewa, pingili zikafungwa kwa vyuma vya titani. Dawa za TB alimeza mwaka mzima, nne kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi 10, bila kulipia dawa hata shilingi. Mwezi wa tatu alisimama akishika kiti. Mwezi wa sita alivuka feri na mkongojo. Magunia hayarudii tena. Sasa ana meza ya ndimu na pilipili pembeni ya soko, na wabebaji wenzake humletea kahawa.

Ijumaa iliyopita walikuja kwangu kula. Nilikuwa jikoni naepua wali, mlango wa mbele uko wazi, namwona anapanda ngazi tatu za kibarazani, mkongojo kulia, mkazamjomba nyuma yake. Kwenye ngazi ya pili ndara ya kushoto ikachomoka. Nikaacha mwiko nitoke kumwambia.

Alikuwa ameshasimama. Hakutazama chini.

"Imetoka," akamwambia mkewe, akarudisha mguu nyuma, akaitafuta kwa vidole mpaka akaipata.